Adhabu imekwisha, lakini bima yamtaka Rhonda amtoe mwanawe

Rhonda Sedlacek anazamisha kiwiko kwenye beseni, anasubiri kidogo, kisha anaongeza kikombe kimoja cha maji baridi. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki kilichowekwa ndani ya bafu, amekaa mzee Emil Kratochvil, mgongo wazi, taulo mapajani.

"Jana yalikuwa ya kuchemshia yai," mzee anasema.

"Jana ulisema ni ya kugandishia samaki."

"Hiyo ilikuwa juzi. Kumbukumbu inaanza kukutoka mapema, mama."

Rhonda anacheka bila kutoa sauti na kuanza kumsugua mgongo, taratibu, akizunguka pale mfupa ulipotokeza. Nje, upepo wa Februari unapiga dirisha. Barabara ya changarawe imeganda ngumu kama saruji.

Mzee Emil ana miaka 88. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alisimamia maghala ya mahindi ya ushirika hapa Holub, mashariki mwa Nebraska, na mpaka leo huulizia bei ya mahindi kabla ya kuulizia hali ya hewa. Mkewe alishafariki. Shamba lake liko mwisho wa barabara, na mtu pekee anayefika hapo kila asubuhi ni Rhonda.

"Ile siku yako si imepita?" anauliza, kichwa kimeinama.

"Imepita Alhamisi."

"Sasa mbona hujabadilisha bima? Mfungwa akifunguliwa mlango anatoka. Hakai kumpangia askari viatu."

"Mimi mara ya kwanza nilitoka kabla mlango haujafunguliwa, mzee. Inua mkono."

Mzee anainua mkono. Kisa hicho anakijua, kama anavyokijua kila mtu Holub.

Rhonda, mwenye umri wa miaka 51, ni mhudumu wa wazee majumbani. Huwaogesha, huwapikia uji, huwapa dawa na kuwabadilishia mashuka. Kampuni iliyomwajiri humlipa dola kumi na tano na nusu kwa saa, nayo ina masharti mawili yasiyojadiliwa: leseni halali, na gari lenye bima. Wazee wake wanaishi mashambani, kila mmoja kwake, na hakuna basi lililowahi kupita huko.

"Nikikosa gari leo, kesho sina kazi," anasema. "Na si mimi tu. Emil naye kesho hana wa kumwinua kitandani."

Gari lenyewe ni Buick ya kijivu aliyoachiwa na mama yake. Kwa zaidi ya mwaka sasa limekuwa na madereva wawili. Asubuhi ni la Rhonda. Mchana hulichukua mwanawe, Colby, mwenye miaka 26, kwenda Marlow, mji wa jirani, ambako anafanya zamu ya pili katika kiwanda cha nyama ya nguruwe. Colby ni mrefu kiasi cha kuinamia mlango wa jikoni. Mama yake ni mfupi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, Rhonda huinama, hupapasa chini ya kiti na kukivuta mbele.

"Sijawahi kumwambia akirudishe," anasema. "Nikikuta kiti kiko nyuma, najua amerudi salama."

Mambo yalianza kwenye harusi, zaidi ya miaka sita iliyopita. Mpwa wake aliolewa mwezi wa kumi, na Holub harusi haiishi kanisani. Inaishia ukumbini, kwa kodiani, ngoma ya polka na bia, mpaka wazee waanze kuvaa makoti. Watu wakitoka hapo hawapiti barabara ya lami, kwa sababu askari hukaa kwenye lami. Hupita changarawe, nyuma ya mashamba. Wamefanya hivyo tangu enzi za babu zao, wala hawauiti ujanja. Kwao ni njia ya kwenda nyumbani tu.

Rhonda naye alipita changarawe. Kwenye kona ya shamba la Novotny kokoto zilikuwa zimemwagwa upya na hazijashindiliwa. Gari liliteleza, likapasua uzio na kutulia mtaroni. Askari aliyefika alikuwa amesoma naye darasa moja.

"Dale akaniuliza, 'Rhonda, umekunywa?' Nikamwambia, 'Nimecheza.' Akasema, 'Pua yangu hainusi polka, Rhonda.'"

Hakuna aliyeumia. Tangu siku ile Rhonda hajaonja pombe, ingawa hilo halitaji mpaka aulizwe.

Mahakama ilimnyang'anya leseni kwa miezi sita. Ili kurudishiwa, ilibidi kampuni ya bima impelekee mkuu wa leseni wa jimbo hati maalumu, ambayo watu wa hapa huiita kwa namba yake, SR-22. Hati hiyo ni kama mdhamini. Inaliambia jimbo kwamba dereva huyu aliyekosa ana bima, na kwamba siku atakayoiacha, kampuni itasema. Kwa kesi yake, hati ilitakiwa ikae miaka mitatu bila kukatika. Dereva mwenye hati hiyo huhesabiwa kuwa mtu wa hatari, na bei humfuata. Bima ya Rhonda ilipanda kutoka dola themanini kwa mwezi hadi mia mbili na arobaini.

Alilipa. Kosa lililofuata halikutokana na kutolipa. Lilitokana na keki.

Kwenye baa ya Arlene, katikati ya mji, kuna desturi ambayo hakuna anayekumbuka nani aliianzisha. Mtu akimaliza miaka yake mitatu, wenzake humnunulia keki na bia nyekundu, ile inayochanganywa na juisi ya nyanya. Na Holub nzima huhesabu miaka hiyo kuanzia siku ya hukumu, kwa sababu siku ya hukumu ndiyo watu wanayoikumbuka. Walikuwepo mahakamani, au walisimuliwa jioni yake.

"Walinikatia keki miaka mitatu kamili baada ya hakimu," Rhonda anasema. "Mimi nilikunywa kahawa. Arlene akanibusu. Nani angefikiri keki nzima ya watu inaweza kukosea?"

Jimbo halikuhesabu kuanzia kwa hakimu. Lilihesabu kuanzia siku leseni iliporudi mikononi mwake, miezi sita baadaye. Kesho yake asubuhi Rhonda aliacha bima ya zamani na kuchukua ya bei nafuu aliyoiona mtandaoni. Ukurasa ulimuuliza kama anatakiwa kuwa na SR-22. Akajibu hapana, na aliamini anasema kweli.

Kampuni ya zamani ilifanya ilichopaswa kufanya. Ikaliambia jimbo kwamba ameacha. Leseni ikasimamishwa, na ile miaka mitatu ikaanza upya, mwaka wa kwanza, siku ya kwanza.

Wiki zile ambazo Rhonda hakuruhusiwa kuendesha, Colby ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa wazee wake. Hawakujua kwamba bima mpya nayo ilikuwa imefutwa, baada ya kampuni kugundua jibu la Rhonda halikuwa sahihi. Asubuhi moja yenye barafu, kwenye njia panda ya maghala, Colby alikanyaga breki na gari halikusikia. Liligonga gari la mwalimu Hruska, yule aliyemfundisha kusoma.

"Mwalimu alishuka akaniuliza kama nimeumia," Colby anakumbuka. "Halafu akauliza bima. Nikasema tunayo. Nikafungua droo ya gari nikampa karatasi. Karatasi ilikuwa nzuri tu. Bima ndiyo haikuwepo."

Leseni ya Colby ilisimamishwa mpaka alipomlipa mwalimu gharama zote, na ilimchukua karibu miaka miwili ya vibarua. Ndipo akarudishiwa leseni, naye akapewa SR-22 yake, na miaka mitatu yake ikaanza kuhesabiwa siku hiyo.

Rhonda anakunja taulo la mzee Emil mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Mimi ndiye niliyeacha bima," anasema. "Yeye alinishikia usukani tu."

Safari hii hakuna aliyekata keki. Tangu mwezi wa kwanza Rhonda alikuwa akipiga simu ofisi ya leseni kule Lincoln, mji mkuu wa jimbo.

"Nilimuuliza yule mama siku gani, na inahesabiwa tangu lini, na yeye anaitwa nani. Akasema, 'Mama, uliniuliza haya wiki iliyopita.' Nikamwambia, 'Na wiki ijayo nitakuuliza.'"

Alhamisi ilipofika, yule mama wa Lincoln ndiye aliyetangulia kusema. "Imekwisha, Bibi Sedlacek. Kweli imekwisha."

Rhonda alipiga simu kampuni yake ya bima saa hiyo hiyo, akiwa amesimama jikoni. Alikuwa akilipa dola mia tatu na kumi na nane kwa mwezi, kwa ajili yake na Colby, na tangu kabla ya Krismasi hesabu ilikuwa imekataa kabisa. Bibi Vlasta, mmoja wa wazee wake wanne, alikuwa amefariki, na kampuni ya kazi haijampa mwingine wa kujaza saa hizo. Mwezi uliopita alilipia bima kwa kuzima joto katika nusu ya nyumba.

"Kijana wa simu akaniambia bei haishuki yenyewe. Akatoa ile hati, akabonyezabonyeza, akasema, 'Mama, nimekupunguzia dola sita.' Nikamshukuru. Unamwambia nini mtu? Dola sita ni mkate na maziwa."

Alipiga kwingine, na kwingine tena. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo wengi hawaambiwi: kwisha kwa hati si kusafika kwa jina. Hati imeondoka, lakini kosa la harusini bado linaonekana kwenye kumbukumbu zake, na pengo la bima pia. Hata hivyo, kila wakala alionekana kuweza kuvumilia hayo. Walichokwama nacho wote ni swali lililokuja mwishoni, kwa sauti ya kawaida kabisa: nani mwingine mwenye umri wa kuendesha anaishi nyumbani kwako?

Kufikia Jumatano alikuwa amebakiwa na mlango mmoja. Marvin Hosek ndiye wakala pekee wa bima hapa Holub. Ofisi yake zamani ilikuwa chumba cha kinyozi, na kioo kirefu bado kiko ukutani, kwa hiyo mteja hujiona akisikiliza bei.

"Keki hamna mwaka huu?" Marvin anamuuliza Rhonda akivuta kiti.

"Nimeiweka kwenye friza. Nione kwanza."

Marvin anaandika kwa vidole viwili. Anauliza mwaka wa gari, maili linazotembea, kazi. Halafu anaacha kuandika.

"Colby bado yuko kwako?"

"Yuko."

"Ningefurahi kama ungesema hayuko."

"Marvin, jana umemwona anajaza mafuta, ukampungia mkono."

Marvin anakubali kwa kichwa. Anamgeuzia kompyuta. Kuna bei mbili. Colby akiwemo, dola mia mbili tisini na sita. Colby akitolewa, mia moja ishirini na nane.

"Kutolewa maana yake nini hasa?" Rhonda anauliza, ingawa uso wake kwenye kioo unaonyesha anajua.

"Mnatia saini kwamba hagusi usukani wa gari hilo. Akiligusa, akagonga hata kuku, kampuni haitoi senti."

"Hata akiwa ananipeleka hospitali?"

"Hata akiwa anakupeleka makaburini, dada."

Rhonda anaomba siku mbili za kufikiri. Akiisha kutoka, Marvin anaendelea kutazama mlango.

"Mimi si hakimu," anamwambia mwandishi. "Watu wengi hapa huniambia mtoto amehamia jiji la Omaha. Siendi kuhesabu vitanda. Naandika Omaha. Lakini siku ya ajali kampuni hutuma mtu, na mtu huyo hana haraka, naye huulizia Omaha nyumba kwa nyumba."

Ushauri wa Omaha Rhonda aliupata bure pia, kutoka kwa mzee Emil.

"Sema ameondoka," mzee alimwambia kesho yake, Alhamisi, akichokonoa uji. "Nani atajua?"

"Wewe unajua."

"Mimi nakaribia kufa. Siri zangu hazina maisha marefu."

"Mzee, mimi nilisema hapana moja kwenye ukurasa wa mtandao, na ilikuwa hapana ya kukosea tu. Angalia ilichonifanyia. Sasa niseme ya kukusudia?"

Mzee Emil akaweka kijiko chini. Binti yake anaishi Denver na ana chumba alichokwisha kumchagulia katika makao ya wazee ya kaunti. Anachosubiri ni sababu.

"Kuta za chumba kile ni za kijani," mzee anasema. "Mimi na kijani hatupatani. Lakini sikuulizi kwa ajili yangu."

"Unauliza kwa ajili yako."

"Kidogo."

Hali aliyokuwa nayo Rhonda inaelezeka kwa maneno machache. Akiendelea na bei ya watu wawili, ataishiwa kabla ya majira ya kuchipua. Akikosa malipo ya mwezi mmoja, kampuni italiambia jimbo, na miaka ya Colby itaanza upya kama ilivyoanza ya kwake. Akimtoa Colby, gari litabaki barabarani na wazee watatu wataendelea kuogeshwa, lakini kijana hatakuwa na njia ya kufika Marlow na kurudi. Hakuna mtu wa Holub anayefanya kazi zamu yake.

Rhonda alimwambia mwanawe Alhamisi hiyo hiyo, mezani, kabla kijana hajaondoka kwenda kazini. Kulikuwa na matonge ya unga na kabichi chachu. Colby alikula huku akisikiliza, koti begani.

"Nitoe," akasema.

"Hujasikia hata mwisho."

"Nimeusikia, mama. Nitoe. Ni jina tu kwenye karatasi."

"Majina kwenye karatasi ndiyo yaliyotufikisha hapa."

"Basi tusibishane nayo." Akafuta sahani kwa mkate. "Kuna nyumba karibu na kiwanda. Wako wanne. Wawili wametoka Guatemala, mmoja Burma, mmoja sijui, haongei. Kitanda kimoja kiko wazi. Ni mwendo wa miguu hadi getini."

Rhonda alimtazama. "Umeulizia lini?"

"Krismasi."

"Krismasi ulikuwa unakula hapa na kucheka."

"Nilikuwa nacheka kweli. Yule wa Burma anakoroma, lakini wanasema anapika."

Rhonda aliinuka, akafungua bomba, akalifunga bila kuosha kitu. Alisimama akiwa ameelekeza uso dirishani.

"Sikukuzaa nikutoe kwenye karatasi, Colby."

"Ungeninyonyesha mpaka lini? Mama, ukikosa mwezi mmoja, mimi narudi mwaka wa kwanza. Unanitoa ili nibaki. Marvin si alisema kuna ile nyingine?"

Ipo. Mtu asiye na gari anaweza kununua bima ya jina lake tu, ya bei ndogo, ili hati yake isikatike na miaka iendelee kuhesabiwa. Haimruhusu kuendesha gari la nyumbani. Kwa Colby itakuwa dola arobaini na moja kwa mwezi, kutoka mfukoni mwake.

"Bima ya mtu asiye na gari," Colby alisema, akivaa koti. "Kama leseni ya kuvua kwa mtu asiye na mto."

Mama yake hakucheka. Alimpa funguo, akamwambia pale kwa Novotny kuna barafu.

Ijumaa, wote wawili walikaa mbele ya kioo cha Marvin. Marvin alisoma kila kifungu kwa sauti, kwa sababu Rhonda alimwomba. Alipofika palipoandikwa jina la Colby Sedlacek na neno "ametolewa", alisoma haraka kidogo, na Rhonda akamwambia arudie. Akarudia. Colby alitia saini kwanza. Kalamu ikakaa kwa Rhonda muda mrefu zaidi.

"Sasa nizime ile ya zamani?" Marvin akauliza.

"Kwanza hii iwake. Nataka kuiona imewaka. Na ya Colby pia."

"Zimewaka, Rhonda. Zote mbili."

"Piga simu uwaulize. Mimi nakaa."

Marvin alipiga. Rhonda alikaa, mkoba mapajani, mpaka sauti ya upande wa pili ilipotaja namba ya bima yake na kusema ipo. Ndipo akaruhusu ya zamani ikatwe. Marvin alipomwambia amempigania kupata bei nzuri, alimwambia asante, na asante hiyo ilikuwa ya kweli. Mia moja ishirini na nane ni kiasi ambacho Rhonda anaweza kukilipa. Aliitafuta bei hiyo kwa miaka sita.

Jumamosi asubuhi walipakia vitu: mfuko wa nguo, blanketi nzito, kikaango kimoja, na boksi la vimikate vitamu vya kolache vyenye mbegu za popi ambavyo Rhonda alivioka kwa ajili ya wale wanne asiowajua. "Hata yule asiyeongea ana mdomo," alisema.

Walifunga buti la gari, kisha wote wawili wakaenda upande mmoja wa gari. Mkono wa Colby ulikuwa umeshashika mlango wa dereva. Walisimama hivyo kidogo, pumzi zao zikifanya moshi.

"Mazoea," Colby akasema.

"Mazoea," mama yake akakubali.

Akazunguka, akaingia upande wa abiria, magoti yakagusa dashibodi. Safari nzima Rhonda aliendesha kwa mikono miwili. Walipita lami.

Nyumba ya Marlow ni ya mbao, rangi imebanduka, na viatu vingi vya mpira vimepangwa barazani. Mtu mmoja alitoka, akapokea boksi la kolache kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Hakusema kitu. Colby akamnong'oneza mama yake kwamba huyo ndiye. Colby alimkumbatia mama yake; Rhonda akatengeneza kola ya koti la mwanawe, akageuza gari.

Colby hajui atarudi Holub lini. Akipata mtu mwenye safari ya upande huo, ataomba lifti. Asipopata, hatakuja. Bado ana karibu miaka miwili.

Jumatatu, mzee Emil anaoga kwa utulivu usio wa kawaida. Hasemi lolote kuhusu maji. Anapovalishwa soksi ndipo anauliza.

"Kijana kafika?"

"Kafika."

"Wanakula nini huko?"

"Wali, anasema. Kila siku wali."

"Atanenepa," mzee anasema. Kisha anaongeza, "Bei ya mahindi imepanda kidogo," na Rhonda anasema ni vizuri.

Ana mpango, na anaueleza huku akifuta bafu. Siku ya Colby itakapokaribia, watakaa pamoja mezani na kupiga simu Lincoln. Watauliza siku gani, na inahesabiwa tangu lini, na anayejibu anaitwa nani. Siku ikipita, watakaa wiki nzima bila kugusa kitu, kisha watapiga tena. Ndipo watakwenda wote kwa Marvin kumrudisha kijana kwenye bima ya Buick, kama Buick itakuwa hai. Arlene ameshaonywa asikate keki mpaka aambiwe.

"Sina haraka tena," anasema. "Haraka niliitumia yote."

Anamfunika mzee miguu, anasogeza simu karibu na mkono wake, anatoka. Nje, Buick imepata ukungu kwenye vioo. Anafungua mlango, anakaa, anainama na kupapasa chini ya kiti ili akivute mbele.

Kiti kiko pale pale alipokiacha.

Mkono unabaki chini kwa muda. Kisha anajinyoosha na kuwasha gari.

"Nitakizoea hivi," anasema. "Halafu siku moja atakuja anivurugie tena. Hilo tu ndilo ninaloomba."